Simu Inaninyima Uhondo wa Hadithi za Picha: Je, Ninunue Kishikwambi?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka 52, na tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi nimekuwa mpenzi wa hadithi za picha. Nilizisoma zikiwa vijitabu vya karatasi, nikazikusanya, na baadhi yake nimezirudia mara nyingi hata najua fremu ipi inafuata kabla ya kufunua ukurasa. Mwaka jana nilianza kununua matoleo ya kidijitali kwa sababu rafu za nyumbani zimejaa, na pia kwa sababu hadithi nyingi ninazozitafuta hazichapishwi tena. Nilitarajia kuzifurahia kama zamani, lakini sivyo ilivyokuwa.

Ninasomea kwenye simu yenye kioo cha inchi 6.5. Ukurasa ukionekana mzima, maneno yaliyomo ndani ya viputo hayasomeki. Nikiukuza kwa vidole viwili, ninabaki na kipande cha kona moja, na kila baada ya maneno machache sharti niusogeze tena, hadi nafika mwisho wa ukurasa nikiwa nimesahau nani alikuwa anasema na nani. Programu ninayoitumia ina namna ya kuonyesha fremu moja moja, nami nimeijaribu. Maneno yanasomeka vizuri, lakini hadithi inanijia vipande vipande, na ile michoro mikubwa iliyokuwa ikinifanya nisite kufunua ukurasa unaofuata sasa inapita bila kuniachia chochote.

Binti yangu wa miaka 16 ana simu kama yangu, na kila siku anasoma hadithi zile zinazoshuka kutoka juu hadi chini. Hapati shida yoyote. Nilipomlalamikia alinijibu kwa upole, "Baba, simu haina tatizo, ni wewe tu hujaizoea." Nilipotaja habari ya kununua kishikwambi, mke wangu alisema kwamba kuingia gharama hiyo kwa ajili ya vibonzo peke yake si busara, na sikuwa na jibu. Wakati huohuo macho yananiwasha kila ninaposoma usiku, na mara nyingine kichwa kinauma.

Lipo na jambo jingine. Duka moja dogo la mtandaoni nililokuwa nikinunulia lilifungwa kabisa, na matoleo niliyoyalipia yakatoweka pamoja nalo. Rafiki yangu ananiambia nisijisumbue tena kulipa, nipakue bure kwenye tovuti ambako kila kitu kimewekwa bila ruhusa. Sitaki kufanya hivyo, lakini sitaki pia kula hasara mara ya pili. Je, nimepitwa na wakati? Ninunue kishikwambi au niache? Na nitawezaje kuhakikisha kwamba ninachokinunua kinabaki changu?

Ni mimi,
Mpenzi wa Kurasa


Ndugu Mpenzi wa Kurasa,

Hujapitwa na wakati, wala binti yako hakukosea kuhusu simu yake. Ninyi wawili mnasoma hadithi zilizochorwa kwa ajili ya nyuso mbili tofauti za kusomea, karatasi na kioo cha simu, na kila mmoja anatoa hukumu kwa kutazama upande wake. Hadithi ya picha huzaliwa na kipimo chake. Wasomaji wengi huhangaika kwa sababu wanadhani kioo chochote kinaweza kubeba hadithi yoyote, kisha wanapochoka hujilaumu wao wenyewe au huilaumu teknolojia nzima.

Tazama vipimo vyenyewe. Ukurasa wa toleo la kawaida la vibonzo vya Kimarekani una upana wa takriban sentimita 17 na urefu wa sentimita 26. Simu yako, ukiishika wima, ina kioo chenye upana usiofika sentimita 7. Ukurasa ukiingizwa mzima humo hupungua hadi asilimia 40 hivi ya ukubwa wake, na herufi iliyoandikwa kwa kimo cha milimita 2 hubaki chini ya milimita 1. Hakuna jicho la miaka 52 linaloweza kusoma herufi za namna hiyo kwa starehe, na hata la miaka 16 litachoka.

Hadithi za binti yako zina asili nyingine. Mtindo huo wa kushuka ulikulia Korea Kusini, ambako kampuni ya Naver ilianzisha huduma yake mwaka 2004, na simujanja ndizo zilizoueneza duniani. Mchoraji wake hana ukurasa. Ana utepe mmoja mrefu, ambao katika jukwaa la WEBTOON hupakiwa ukiwa na upana wa pikseli 800, na anajua tangu mwanzo kwamba utasomwa kwa kidole gumba kwenye kioo chembamba. Kwa hiyo huweka fremu moja au mbili kwa wakati, huandika maneno machache kwa herufi kubwa, na huitumia nafasi tupu iliyopo kati ya fremu kupimia muda: nafasi ikiwa ndefu msomaji hucheleweshwa, ikiwa fupi huharakishwa. Ni ufundi wa kweli, nami ningekusihi umwombe binti yako akuchagulie moja anayoipenda, uisome kwenye simu yako hiyohiyo inayokuudhi, bila kukuza chochote. Utaona mara moja kwamba tatizo lako halikuwa mazoea.

Kuhusu namna ya kuonyesha fremu moja moja, kampuni ya ComiXology, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2007, ndiyo iliyoifanya ijulikane sana, na ilikuwa jibu la dhati kwa wakati ambapo vioo vya simu vilikuwa vidogo kuliko vya leo. Siidharau. Hata hivyo, ulichokihisi kina sababu, na ningependa ukione kwa karibu ili usidhani ni hisia tu za mtu aliyezoea karatasi.

Chukua ukurasa ambao juu yake kuna safu ya fremu nne nyembamba: mkono unaukaribia mlango, vidole vinagusa kitasa, kitasa kinazunguka, ufa wa mwanga unaonekana. Chini yake kuna fremu moja pana inayochukua nusu ya ukurasa, na ndani yake mlango umefunguka na chumba chote kinaonekana. Kwenye karatasi, zile nne zinakubana, na ile moja inakufungulia. Sasa ushike simu wima na uzipitishe moja moja. Kila fremu nyembamba, kwa kuwa ni ndefu, inajaza kioo kuanzia juu hadi chini. Fremu pana ikifika inalazimika kuenea kwa upana wa kioo, kwa hiyo inageuka kuwa ukanda mfupi katikati ya weusi. Fremu iliyokuwa kubwa kuliko zote sasa ni ndogo kuliko zote. Mchoraji alisema jambo moja kwa ukubwa wa fremu zake, na programu imesema kinyume chake, ingawa hakuna hata mstari mmoja wa mchoro uliobadilishwa.

Kitu kingine kinachopotea ni ile hali ya kuuona ukurasa mzima kabla ya kuusoma. Kwenye karatasi, jicho hupokea rangi na mpangilio wa kurasa zote mbili zilizo wazi kabla halijasoma kiputo cha kwanza, na ndiyo maana wachoraji wazoefu huficha tukio la kushtua nyuma ya ukurasa unaofunuliwa, si kwenye ukurasa wa upande wa pili ambao msomaji ameshauona kwa pembe ya jicho.

Kabla hujatumia fedha yoyote, fanya marekebisho mawili kwenye simu uliyonayo. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako uone kama inaruhusu ukurasa mzima uonyeshwe kwanza unapoingia, na tena unapoutoka, huku fremu moja moja zikija katikati; programu nyingi zina uwezo huo na huwa umezimwa. Utazame ukurasa kwa utulivu, hata kama maneno hayasomeki, kisha ndipo usome. Baada ya kusoma fremu ya mwisho, uutazame tena.

Rekebisho la pili ndilo ninaloliamini zaidi. Achana na fremu moja moja, ilaze simu, na uchague ukurasa ujae kwa upana wa kioo. Simu ya inchi 6.5 ikilazwa ina upana wa karibu sentimita 15, kwa hiyo ukurasa wako wa sentimita 17 unaonekana kwa takriban asilimia 88 ya ukubwa wa karatasi, na herufi zinarudi kusomeka. Utakuwa unaona kama theluthi moja ya ukurasa kwa wakati. Kwa bahati nzuri, kurasa nyingi mno za hadithi za picha hupangwa kwa safu tatu, kwa hiyo kila unapoteremsha kwa kidole kimoja unapata safu nzima, yenye fremu zake zote zikiwa na uwiano wake halisi. Mwendo huo wa kuteremka moja kwa moja haukupotezi kama ule wa kusogeza ukurasa huku na huku. Washa pia kipengele cha kukata kingo nyeupe, ikiwa programu inacho, kwa maana hukuongezea milimita kadhaa za mchoro bila gharama yoyote. Funga mzunguko wa kioo ili ukurasa usigeuke ukiwa umelala kitandani.

Ikiwa baadhi ya hadithi zako ni za Kijapani, hizo hazitakusumbua sana kama za Kimarekani, kwa kuwa vitabu vyake huchapwa kwa ukurasa mdogo na kwa kawaida huwa vya rangi nyeusi na nyeupe. Hakikisha tu programu imewekwa isome kutoka kulia kwenda kushoto. Mpangilio huo ukikosewa, majibu yatatangulia maswali na hutaelewa lolote.

Sasa nije kwenye kishikwambi, kwa sababu najua ndilo lililozua mjadala nyumbani. Kwa msomaji wa hadithi za kurasa, kishikwambi cha inchi 10 hivi hubadilisha mambo kwa kiasi ambacho simu haiwezi kukifikia. Chenye kioo ambacho uwiano wa urefu na upana wake ni 16 kwa 10 kikishikwa wima huonyesha ukurasa wa Kimarekani kwa asilimia 80 ya ukubwa wake; chenye uwiano wa 4 kwa 3 huuonyesha kwa karibu robo tatu, lakini ukikilaza, kurasa mbili pacha, yaani zinazotazamana kitabu kikiwa wazi, zinaingia humo karibu bila kuacha nafasi, kwa kuwa umbo lake na umbo la kioo hicho vinalingana. Michoro ile mikubwa uliyoililia katika barua yako mara nyingi ndiyo hiyo ya kurasa pacha, kwa hiyo kwa upande wangu ningekuelekeza kwenye 4 kwa 3. Vipo pia vya karibu inchi 13 ambavyo huonyesha ukurasa mmoja kwa ukubwa wake wote, navyo vinapendeza kweli, ila ni vizito mkononi na bei yake huwa juu sana.

Hata hivyo, mke wako ana hoja, na ningependa umjibu kwa jambo la hakika badala ya kubishana. Azima kishikwambi kwa ndugu au rafiki kwa siku chache. Fungua humo toleo ambalo unalo pia kwenye karatasi, uweke vyote viwili mezani, na usome sura moja kwa kila kimoja. Ukiona kwamba kishikwambi kinakurudishia uhondo ulioukosa, hapo utazungumza na mke wako ukiwa na ushahidi, na mtaangalia pamoja ni nani mwingine nyumbani atakayekitumia. Wala huhitaji kipya wala chenye kasi kubwa. Kusoma picha zilizotulia ni kazi nyepesi kwa kifaa. Kilichotumika, chenye kioo kizuri na nafasi ya kutosha ya kuhifadhi, kitakutosha kabisa. Ukiona tofauti si kubwa, umeokoa fedha yako, na ile njia ya kuilaza simu itaendelea kukuhudumia.

Kuhusu macho, tafadhali usilichukulie jambo hili kuwa la kawaida. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hupungua unyumbufu wake, na uwezo wa kuona vitu vya karibu hushuka kwa kila mtu. Huenda unachokiita ubaya wa simu ni kukosa miwani ya kusomea, au miwani yako imepitwa na mabadiliko ya jicho lako. Nenda ukapimwe, na umweleze daktari kwamba unasomea kwenye kioo unachokishika umbali fulani, ukimwonyesha kwa mkono, kwa maana miwani hupimwa kulingana na umbali. Kuwasha kunatokana mara nyingi na ukweli kwamba tukikodolea kioo tunapepesa kope mara chache kuliko kawaida, na uso wa jicho unakauka. Madaktari wa macho wa Marekani hupendekeza kwamba kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Mwisho wa sura ni mahali pazuri pa kufanya hivyo. Usiku, punguza mwangaza wa kioo ulingane na wa chumba, tena uwashe taa badala ya kusoma gizani. Zile rangi za njano za hali ya usiku sizipendekezi kwa hadithi zenye rangi, kwa sababu zinaharibu kazi ya mtu aliyezichagua rangi hizo kwa uangalifu, ilhali kupunguza mwangaza kunatosha.

Nimeacha swali la umiliki lije mwisho kwa sababu ndilo lililonisikitisha zaidi katika barua yako. Maduka mengi ya kidijitali hayauzi kitabu. Yanauza ruhusa ya kukisoma ndani ya programu yao, na ruhusa hiyo haiwezi kuishi duka likifa. Si wewe uliyekosa umakini, maana maneno hayo huandikwa katika masharti marefu ambayo ni wachache huyasoma. Kuanzia sasa, kabla ya kulipa, tafuta jibu la swali moja tu: je, nitapata faili ninaloweza kulihifadhi mwenyewe? Kuanzia mwaka 2013 kampuni ya Image Comics ya Marekani iliwahi kuuza matoleo yake yakiwa mafaili yasiyofungwa ndani ya programu ya duka, na wachoraji wengi wanaojichapishia kazi zao huuza kwa namna hiyohiyo.

Faili utakalopewa huenda likawa la PDF au la CBZ. Hilo la pili lisikutishe jina. Ni kifurushi cha ZIP cha kawaida chenye picha za kurasa ndani yake, moja kwa kila ukurasa, na CBR ni kifurushi cha RAR chenye kazi ileile. Programu kama YACReader au Perfect Viewer huyafungua yote mawili bila kuhitaji intaneti. Ukitengeneza lako mwenyewe kutokana na vijitabu ulivyovipiga picha kwa matumizi yako binafsi, zipe picha namba zenye tarakimu tatu, yaani 001, 002, 003 na kuendelea, kwa sababu baadhi ya programu hupanga majina kwa tarakimu ya kwanza, na ukurasa wa 10 utajikuta umetangulia ukurasa wa 2. Weka nakala moja kwenye kifaa unachosomea na nyingine kwenye diski ya nje au kompyuta.

Kwa yale yaliyopotea, tafuta stakabadhi za malipo katika barua pepe zako, kisha umwandikie mchapishaji wa kila hadithi, si duka lililofungwa, ukimweleza ulinunua nini na lini. Hawalazimiki kukurudishia, lakini mchapishaji anayewathamini wasomaji wake huweza kukutumia faili au kukupunguzia bei, na barua ya heshima yenye ushahidi haigharimu kitu.

Ushauri wa rafiki yako uukatae, kama moyo wako ulivyokwisha kuukataa. Nyuma ya ukurasa mmoja kuna mwandishi, mchoraji, mtia wino, mtia rangi na mwandika herufi, na hakuna hata mmoja wao anayepata chochote kutoka kwenye tovuti hizo. Ukitaka kusoma bure kwa haki, ipo hazina ya Digital Comic Museum, inayohifadhi vibonzo vya zamani vya Kimarekani ambavyo haki miliki yake imekwisha, navyo hupakuliwa vikiwa mafaili ya CBZ au CBR. Uliza pia maktaba unayoitumia kama ina huduma ya kuazimisha hadithi za picha za kidijitali, na ukiipata, azima kupitia humo kwanza kila hadithi ambayo hujaamua kama unataka kuimiliki.

Wako,
Mshauri